NYUMBA YA UDONGO KATIKA MILIMA YA BARIDI

Katika milima ya Lubero watu wengi wanakaa juu kupita mita 2.000. Baridi ya usiku ni kali, tena mvua ni nyingi. Lakini bila feza nyingi unaweza kujenga vizuri.

1. Msingi. Tofali lililokaushwa kwa jua linaogopa maji. Panga mawe kwanza, sentimita 40 juu ya udongo. Chimba mfereji kuzunguka nyumba.

2. Ukuta. Uwe mnene, sentimita 30. Mchana unapokea joto la jua, usiku unalirudisha polepole.

3. Paa. Nyasi zinalinda joto kupita manjanja. Zipite ukuta kwa sentimita 60, ili mvua isiupige.

4. Hewa. Wengi wanaziba kila tundu sababu ya baridi. Ni hatari! Acha matundu mawili yanayotazamana, karibu na paa. Jiko lijengwe inje: moshi unaleta ugonjwa wa mapafu kwa watoto. Usilale na mbabula ya makala ndani: sumu yake haionekani, haina harufu, na mtu anakufa katika usingizi.

Mtoto akisikia baridi, mwongezee bulangeti. Matundu yabaki wazi.