Majina Mengi, Mgomba Mmoja

Hapa Tumba, kusini mwa Stockholm, kuna kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1755 kutengeneza karatasi ya noti za benki kuu ya Sweden. Ielekeze noti kwenye mwanga, utaona picha iliyofichwa ndani ya karatasi. Picha hiyo haibadilishi noti. Inakuambia tu ilikotoka. Alama za vinasaba nazo ni hivyo hivyo.

Naanza na hili kwa sababu kila nikitaja kupima vinasaba vya migomba, kuna anayedhani tunaibadilisha. “Dada, hizo ndizi zenu za maabara watoto wasije wakazila.” Huo ni uzushi, na unamuumiza mkulima. Tunakata kipande cha jani, basi. Mgomba unabaki shambani kama ulivyokuwa.

Katika DNA kuna mahali ambapo herufi hujirudia, GAGAGA, mgomba huu mara 12, ule mara 15. Tunapanakili mara mamilioni, kisha tunavisukuma vipande kwa umeme ndani ya jeli: kifupi hukimbia mbele, kirefu hubaki nyuma. Migomba ya matoke ina seti tatu za kromosomu, kwa hiyo mahali pamoja huweza kutoa mistari mitatu. Pima sehemu nyingi, undugu utajitokeza.

Hapo ndipo zilipaswa kufuata hesabu za kupima undugu huo, lakini matoke hayapitiki hivi hivi. Ndizi hizi za nyanda za juu za Uganda na Bukoba zina majina zaidi ya 80. Mbidde ni chungu, ya pombe. Nakitembe ni ya kupika. Utaapa ni koo mbili. Alama zinakataa: utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha zote zimetokana na mgomba mmoja, uliopandwa kwa machipukizi vizazi na vizazi, mabadiliko madogo yakijilimbikiza. Wakulima hawakukosea, wao walitaja ladha na umbo. Amekosea mtaalamu anayehesabu majina akidhani anahesabu utofauti. Ugonjwa wa Sigatoka nyeusi hausomi majina. Ndiyo maana watafiti wa kituo cha Kawanda, Uganda, walitoka nje ya ukoo, wakachavusha matoke machache yanayotoa mbegu kwa ndizi mwitu iitwayo Calcutta 4.

Na ile ndizi ya Cavendish yenye kibandiko dukani Tumba? Alama zimeikuta na jamaa wa karibu Afrika Mashariki: Mlali wa Zanzibar na Komoro, na Mchare, ile ile ya mtori wa Moshi.