Kinu cha Pelindaba na Hesabu ya Saa 66

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne aliwahi kuniuliza swali lililonikosesha jibu la haraka. "Mwalimu, ikiwa dawa hiyo yaweza kuonyesha saratani iliyo ndani ya mifupa, mbona hospitali zisiirundike ghalani kama aspirini?" Wenzake waliangua kicheko. Mimi sikucheka.

Magharibi mwa Pretoria, mahali paitwapo Pelindaba, pana kinu cha nyuklia kijulikanacho kama SAFARI-1. Kiliwashwa mwaka 1965 kwa msaada wa Marekani, na uwezo wake ni megawati 20. Hakitoi umeme. Nyutroni zake hupasua viini vya urani, na miongoni mwa vipande vinavyosalia mna molibdenamu-99, bidhaa isafirishwayo kwa ndege hadi ng'ambo.

Hapo ndipo hesabu inapoanza. Kila baada ya saa 66, nusu ya molibdenamu huwa imeoza, na sehemu yake kubwa kugeuka teknetiamu-99m, ambayo ndiyo aitakayo daktari. Hii nayo hupungua nusu kila saa sita, hata haifai kusafirishwa mbali. Hospitali basi hununua mtungi mdogo wenye molibdenamu, na kila asubuhi hukamua teknetiamu iliyojikusanya. (Wataalamu wenyewe huuita mtungi huo ng'ombe, nami naona wamenena vyema.) Dawa ikishadungwa mwilini, kamera hunasa mionzi yake, na maradhi yaliyojificha mfupani au moyoni yakadhihirika.

Sikatai kwamba jina la nyuklia lina doa. Mwaka 1993 Rais de Klerk alikiri bungeni kwamba nchi yake ilikuwa imeunda mabomu sita, kisha ikayavunja. Hata kinu hiki kilitumia urani iliyorutubishwa kwa kiwango cha juu, hadi kilipokamilisha kuhamia ile ya kiwango cha chini mwaka 2009.

Mwaka huohuo kinu cha Chalk River, Kanada, kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Dawa ikaadimika duniani, wagonjwa wakaahirishiwa vipimo, na vinu vichache vilivyosalia, Pelindaba kikiwamo, vikabeba mzigo.

Nasi walimu? Twafundisha somo hili kwa dutu iitwayo X, ambayo haikuzaliwa popote wala haimponyi yeyote. Ndiyo sababu siku ile nilimpa kijana yule chaki. "Chukulia," nilimwambia, "mzigo umekwama uwanja wa ndege siku tano na nusu, ukingoja muhuri." Akazidisha siku kwa saa, akapata 132, akagawa kwa 66, akapata mbili. Nusu ya nusu. Akaandika ubaoni: robo.

Akasimama kitambo akiitazama ile robo. Kisha akauliza kama karani wa forodha naye amefundishwa hesabu hiyo.

Nilimjibu kwamba sijui.