Malezi ya Mtoto (4): Usiku Bila Nepi

Habari za poti na za mchana tulizimaliza katika sehemu zilizotangulia, kwa hiyo leo ni zamu ya usiku. Mwaka 2024 Mswada wa Fedha wa Kenya ulipendekeza ada ya mazingira ambayo ingezigusa hata nepi. Mswada uliondolewa baada ya maandamano ya Juni, lakini wazazi wanaohesabu gharama za pampasi bado wanauliza: mtoto aachishwe lini nepi ya usiku?

Pwani yetu ilikuwa na jibu lake kabla ya nepi za dukani kuingia. Mwaka 1977 Marten na Rachel deVries walichapisha katika jarida la Pediatrics la Marekani utafiti wao juu ya malezi ya Wadigo wa Kwale. Walimkuta mama akianza kumzoesha mwanawe akiwa na wiki mbili au tatu tu. Mama huketi chini, miguu ameinyoosha, mtoto amempakata katikati akiwa amempa mgongo, kisha hutoa sauti ya "shuu". Mtoto akikojoa kwa sauti ile hunyonyeshwa au hubembelezwa. Usiku ni hivyo hivyo. Mtoto alipofikisha miezi mitano au sita alitarajiwa kutoa ishara mwenyewe na kukaa mkavu, mchana na usiku.

Jarida hilohilo, mwaka 1962, lilikuwa limechapisha kazi ya daktari T. Berry Brazelton, aliyefuatilia watoto 1,170 wa Kimarekani na kushauri mzazi asubiri hadi kama miezi 18, mtoto aoneshe mwenyewe kwamba yuko tayari. Wazungu wengi wakafuata, na sisi tukafuata nyuma yao, huku elimu ya bibi zetu tukiiita ushamba. Hilo linaniuma. Elimu iliyoandikwa katika jarida la madaktari wa Marekani ilikuwa Kwale, mlangoni petu, na hatukuona haja ya kuiuliza.

Hata hivyo, tusiisome vibaya. Mtoto wa Kidigo hakuwa mkavu peke yake. Alilala ubavuni mwa mama, akijinyonganyonga mama anaamka, anampakata, anamkojoza. Ule ukavu ulikuwa kazi ya watu wawili. Mama wa leo anayetoka kazini jioni na kumlaza mtoto chumba kingine hawezi kudai matokeo yale bila kuifanya kazi ile, wala hana haki ya kumchapa mtoto kwa kuikosa.

Mtoto anayelala peke yake hutegemea mwili wake, na mwili haufundishwi kwa fimbo. Lazima kibofu kiweze kubeba mkojo wa usiku kucha, homoni ya vasopresini ipunguze mkojo unaotengenezwa usiku, na ubongo uweze kumwamsha kibofu kikijaa. Mambo haya hukomaa kwa wakati wake, aghalabu kati ya miaka mitatu na mitano, na wavulana huchelewa zaidi. Hata akifika miaka mitano bado si ugonjwa: takriban watoto 15 kati ya 100 wa umri huo hukojoa kitandani. Mara nyingi baba au mama naye alikuwa hivyo utotoni, na ingefaa amwambie mtoto badala ya kumwita kikojozi mbele ya wageni.

Basi tazama nepi ya asubuhi. Ikiwa kavu siku nyingi mfululizo, au mtoto akiamka mwenyewe kuomba kukojoa, na mchana ameshazoea, ivue. Tandika mpira juu ya godoro, mkojoze kabla ya kulala, acha taa ya njia ya chooni ikiwaka. Usimnyime maji mchana kutwa. Choo kigumu kitibiwe, kwa sababu utumbo uliojaa hukibana kibofu. Akilowesha kila usiku kwa wiki mbili, mrudishie nepi bila maneno makali, ujaribu tena baada ya miezi michache.

Aliyekaa mkavu miezi sita au zaidi kisha akaanza tena kulowesha apimwe mkojo. Ikiwa pia anakunywa maji kupita kiasi na kukonda, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, kwani huenda ni kisukari.