Amani Haimaliziki Ukumbini

Mgeni wa Visiwani afikapo Arusha kwa shughuli ya mkutano, jambo la kwanza aonyeshwalo na wenyeji wake ni lile jengo kubwa la Kituo cha Kimataifa cha Mikutano, ambalo hapo mwanzo lilikusudiwa kuwa makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977. Huambiwa kwamba katika mji huu ndipo yalipotiwa saini mapatano ya Rwanda na ya Burundi, na ndipo ilipokaa mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyohukumu wahalifu wa mauaji ya kimbari, hadi ilipofunga kazi zake mwishoni mwa mwaka 2015. Yote hayo ni kweli, nayo ni heshima kwa nchi yetu.

Lakini sisi, ambao kila tujapo mji huu hufikia Levolosi, tumezoea kulitazama jengo hilo kwa nje. Levolosi ni kata ya watu wa kawaida: kina mama wa biashara ndogo ndogo, mafundi, wapagazi, wenye nyumba za wageni za bei nafuu, na kituo cha afya ambacho watu wa mitaa mingi hukitegemea. Kutoka hapo hadi kwenye ukumbi wa mikutano mtu huenda kwa miguu wala hachoki. Hata hivyo, umbali wa kweli hauhesabiwi kwa hatua. Umo katika swali moja ambalo asiyealikwa huulizwa mlangoni: “Wewe unawakilisha chama gani?”

Leo twataka kulizungumza swali hilo. Je, mwananchi asiyekuwa na chama wala bunduki, bali ana jumuiya yake ya kina mama, ya wakulima, ya wanasheria au ya masheikh na mapadri, ana haki gani ya kukaa mahali pajadiliwapo amani ya nchi yake?

MAPATANO YASIYOFIKA VIJIJINI

Tuanze na Rwanda. Mazungumzo yake yalianza Arusha mwaka 1992, na mapatano yakatiwa saini tarehe 4 Agosti 1993. Msuluhishi alikuwa serikali yetu, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, marehemu Mzee wetu aliyelelewa Unguja. Na Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa chini ya uongozi wa mtoto mwingine wa Visiwa hivi, Ndugu Salim Ahmed Salim. Kwa hiyo sisi wa Visiwani hatuwezi kuyatazama mambo hayo kama ya watu wa mbali.

Kazi ilifanywa kwa bidii na kwa nia njema. Karatasi zilieleza namna ya kugawana madaraka, namna ya kuunganisha majeshi, na namna ya kuwarudisha wakimbizi. Waliokaa mezani walikuwa serikali, Chama cha Ukombozi cha RPF, na mabalozi watazamaji. Ndani ya Rwanda zilikuwapo jumuiya za kutetea haki za binadamu, ambazo mapema mwaka 1993 ziliita wachunguzi kutoka nje, na ripoti ya wachunguzi hao ikaeleza waziwazi mauaji yaliyokuwa yakifanywa dhidi ya raia. Watu hao walijua kilichokuwa kikipikwa vijijini, lakini kiti cha mezani hawakuwa nacho.

Tarehe 6 Aprili 1994, Rais Habyarimana alipokuwa akirejea kutoka mkutanoni Dar es Salaam, ndege yake ilitunguliwa Kigali. Yaliyofuata dunia nzima yajua: watu zaidi ya laki nane waliuawa katika muda wa siku mia moja hivi. Hatusemi kwamba laiti jumuiya za wananchi zingaliketi mezani damu isingalimwagika. Waliopanga uovu ule walikuwa wamekwisha kuupanga. Tusemalo ni kwamba wapinzani wa mapatano walikuwa na redio ya kuyatukana kila siku, ilhali mapatano yenyewe hayakuwa na wananchi wa kuyasemea katika vilima na masoko.

KINA MAMA WA BURUNDI

Miaka minne baadaye Arusha ikaitwa tena. Burundi ilikuwa imeingia vitani baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993. Msuluhishi alikuwa Mwalimu Julius Nyerere, na mazungumzo ya Arusha yalifunguliwa Juni 1998. Wanawake wa Burundi, Wahutu na Watutsi kwa pamoja, walikuja wakaomba wasikilizwe. Wajumbe wa vyama, takriban wote wanaume, waliwakataa. Hoja yao ilikuwa ile ile ya mlangoni: hamna chama, kwa hiyo hamna mnachowakilisha.

Wanawake wale hawakufunga virago. Wakawa wakiwangoja wajumbe nje ya vikao na kuwaeleza habari za wajane, za wakimbizi waliojaa katika kambi za Kigoma na Ngara, na za mashamba yaliyochukuliwa na wengine. Subira ikazaa. Baadhi yao wakakubaliwa kuwa watazamaji. Mwalimu alipofariki dunia tarehe 14 Oktoba 1999, kazi ikashikwa na Mzee Nelson Mandela. Na Julai 2000, kwa msaada wa Taasisi ya Mwalimu Nyerere na Mfuko wa Umoja wa Mataifa wa Maendeleo ya Wanawake, ukafanyika Arusha mkutano wa wanawake wa vyama vyote 19 vilivyokuwamo katika mazungumzo, kila chama kikitoa wajumbe wawili.

Inafaa viongozi wetu wazingatie waliyoyaomba. Hawakuomba vyeo peke yake. Walitaka mtoto wa kike asome kama mwenzake wa kiume. Mwanamke awe na haki ya ardhi na mirathi. Na waliobaka katika vita wasisamehewe. Mengi katika mapendekezo yao yaliingizwa katika Makubaliano ya Arusha yaliyotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Lile la kutaka wanawake wapewe asilimia 30 ya nafasi za uongozi halikukubaliwa siku ile. Lakini Katiba ya Burundi ya mwaka 2005 ililiandika. Kadhalika, miezi miwili tu baada ya saini za Arusha, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio nambari 1325, likizitaka nchi zote kuwashirikisha wanawake katika kutafuta amani.

Hapa pana jambo la kufikiri. Wanaume waliokuwa ndani walijadili nani awe rais kwanza, na jeshi ligawanywe vipi. Hayo yalikuwa ya lazima, kwani bila hayo bunduki zisingenyamaza. Lakini ni wale waliokuwa nje waliokumbuka kwamba vita vikiisha, mtu hurudi kwake, na akikuta shamba lake linalimwa na mwingine, vita vyake vinaanza upya siku hiyo hiyo.

Hatufichi kwamba Makubaliano hayo hayakuponya kila kidonda. Vikundi viwili vikubwa vya silaha vilikuwa nje yake, na kimoja kilitia saini mwaka 2003, cha pili mwaka 2006. Mwaka 2015 Burundi ikatikisika tena kwa ajili ya muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza. Jumuiya nyingi zikafungiwa, na viongozi wao wengi wakakimbilia nje. Marehemu Mzee Benjamin Mkapa alipoyaita mazungumzo Arusha, suala la nani aalikwe na nani asialikwe likawa ugomvi wa kwanza, na katika kikao cha Oktoba 2018 wajumbe wa serikali ya Burundi hawakufika. Mlango uliokuwa umefunguliwa nusu mwaka 2000 ukawa umesindikwa tena.

CHAMA NI MTOTO WA JUMUIYA

Wapo ndugu zetu katika Chama na Serikali ambao, wakisikia neno “asasi za kiraia”, hudhani limeletwa na wageni pamoja na fedha zao. Sisi wenyewe tumekaa katika Chama miaka mingi, na wasiwasi huo twaufahamu. Wakati mwingine tumekuwa nao. Lakini historia yetu yatusuta.

Mtu akisimama Levolosi asubuhi isiyo na mawingu auona Mlima Meru. Upande wa pili wa mlima huo, Novemba 1951, serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Wananchi hawakushika mikuki. Walijikusanya katika chama chao cha raia, wakachanga fedha kidogo kidogo, wakamtuma Ndugu Japhet Kirilo hadi New York, akaeleza kilio chao katika Umoja wa Mataifa mwaka 1952. TANU ilikuwa bado haijazaliwa. Ilizaliwa mwaka 1954, nayo ilitokana na jumuiya iliyoitwa TAA. Kule Visiwani, chama cha Afro-Shirazi kilizaliwa Februari 1957 kwa kuungana jumuiya mbili, ya Waafrika na ya Washirazi. Basi mwana-CCM amdharauye mwananchi kwa kuwa anatoka katika jumuiya tu, anamdharau mama aliyemzaa.

Wala jirani zetu hawakosi mifano. Amani ya Msumbiji ilitiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992, na waliowakutanisha Frelimo na Renamo walikuwa watu wa jumuiya ya dini, Sant’Egidio, pamoja na Askofu Mkuu wa Beira. Kule Wajir, Kenya, ugomvi wa koo ulipoua watu wengi mwanzoni mwa miaka ya 1990, kina mama wa sokoni, na miongoni mwao marehemu Bi. Dekha Ibrahim Abdi, ndio waliowaendea wazee wa kila ukoo hadi wakaketi pamoja na kuweka ahadi za kuacha kulipizana visasi.

SISI NA MIAFAKA YETU

Sasa turudi nyumbani, kwani mchelea mwana kulia hulia yeye. Muafaka wa kwanza wa Zanzibar ulitiwa saini mwaka 1999 kwa usuluhishi wa Jumuiya ya Madola. Wa pili ulitiwa saini tarehe 10 Oktoba 2001, baada ya damu ya Januari mwaka ule ambayo hakuna mtu wa Pemba au Unguja aliyeisahau. Wa tatu ulizungumzwa kuanzia mwaka 2007, ukakwama Machi 2008. Yote mitatu ilikuwa kazi ya vyama viwili. Mwananchi wa Micheweni au wa Makunduchi aliisikia redioni kama asikiavyo habari za hali ya hewa: ajua mvua itanyesha, lakini hakuulizwa.

Maridhiano ya tarehe 5 Novemba 2009, yaliyoanza kwa Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad kukutana Ikulu, yalikwenda hatua moja mbele. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi waliitwa kwenye kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Uchaguzi wa mwaka ule ukapita kwa utulivu ambao wengi hawakuutarajia. Huo ndio ushahidi wetu mkubwa: jambo lile lile lililoshindikana mezani mara tatu, lilisimama lilipopelekwa kwa wenyewe.

Hata hivyo, kupiga kura mara moja si kushiriki daima. Mwaka 2015 uchaguzi ulipofutwa tarehe 28 Oktoba, na ukarudiwa Machi 2016, maridhiano yaliyumba. Hapakuwa na chombo cha wananchi kilichoketi kati ya vyama viwili, chenye heshima kwa pande zote mbili, cha kusema: ngojeni, hapa mmekosea nyote. Kila mwenye kauli alikuwa na kadi mfukoni, sisi tukiwamo.

YATUPASAYO

Hatutaki kuzipamba jumuiya kuliko zilivyo. Zipo ambazo makao yake ni mkoba wa mwenyekiti wake, na wanachama wake ni jamaa zake. Zipo zinazosema kwa lugha ya mfadhili kuliko ya mwanachama. Serikali ina haki ya kuuliza: mmechaguliwa na nani, mwamwakilisha nani, na fedha zenu zatoka wapi? Maswali hayo ni ya haki, mradi tu yaulizwe kwa nia ya kufungua mlango, si kwa nia ya kuufunga.

Kwa upande wa viongozi, twashauri mambo matatu. Kwanza, wananchi waitwe mapema, kabla ya karatasi kuandikwa, wasiitwe siku ya picha na makofi. Pili, wapewe kiti na kauli, wasiachwe ukumbini kama mapambo. Tatu, kila kinachokubaliwa kisomwe kwa Kiswahili chepesi katika shehia, misikitini, makanisani na barazani, ili mtu akijue kabla hajaombwa akilinde.

Chuoni, tulipokuwa tumekaa mkekani mbele ya maalim wetu, tulifundishwa kwamba mwenye kuwapatanisha waliogombana ana ujira mkubwa kwa Mola wake. Maalim hakutuambia kwamba mpatanishi sharti awe na cheo. Alituambia awe mwadilifu, na awe ameombwa na pande zote au amekubaliwa nazo. Kipimo hicho chatosha hata leo, kwa sheikh, kwa padri, kwa mama wa sokoni na kwa waziri.

Jioni, wajumbe wa mikutano warudipo hotelini kwa magari, watu wa Levolosi huwa wanafunga biashara zao na kuwaita watoto ndani. Wao ndio watakaoishi ndani ya amani iliyoandikwa, au ndani ya vita iliyoshindwa kuzuiwa. Si vyema wakaendelea kuwa watu wa mwisho kuisikia habari yake.