Bakteria Walinzi wa Ziwa Kivu

Katika vilindi vya Ziwa Kivu, lililoko mpakani mwa Rwanda na Kongo, imeyeyuka gesi ya methani ambayo, ikitolewa nje, ingejaza takriban kilometa za ujazo 60. Mbona basi ni kidogo mno inayofika hewani? Maji ya chini, yaliyo mazito kwa chumvi, huishikilia. Ile ipandayo hukutana na bakteria pale yanapoanza maji yenye oksijeni. Bakteria hao huiunganisha methani na oksijeni, wakajipatia nguvu, na kuacha maji na hewa ya ukaa, ambayo haiipashi dunia joto kama methani. Kwa hiyo, wavunao gesi hiyo ili kuzalisha umeme hawana budi kuyarudisha maji kilindini, wasije wakayavuruga matabaka na kuivunja kinga hiyo.