Unatibu mifugo bila cheti? Fahamu njia za kupata leseni

Karibu kila kijiji kina mtu anayeitwa usiku ng'ombe anaposhindwa kuzaa. Hakusomea kazi hiyo darasani. Alijifunza kwa wazazi wake, kwa kuajiriwa katika shamba la maziwa, au kwa kumsaidia afisa wa mifugo kwa miaka mingi. Majirani humwita "daktari", na mara nyingi mkono wake ni mzuri. Hata hivyo, akidunga sindano na kutoza malipo bila usajili, anavunja sheria.

Wakazi wengi hujiuliza iwapo uzoefu huo unaweza kuwafikisha kwenye leseni. Yafuatayo ni maelezo.

Nani hutoa leseni?

Kazi hii inaongozwa na Sheria ya Madaktari wa Mifugo na Wahudumu wa Afya ya Mifugo ya mwaka 2011. Sheria hiyo imeipa Bodi ya Madaktari wa Mifugo, KVB, jukumu la kusajili madaktari na wahudumu walio chini yao. Leseni huhuishwa kila mwaka.

Serikali ya kaunti haitoi leseni hizi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliachia kaunti huduma za mifugo, lakini usimamizi wa taaluma yenyewe ulibaki katika ngazi ya kitaifa. Yeyote anayekuahidi leseni ya "kaunti" ya kutibu mifugo anakudanganya.

Njia ya chuo

Njia ya kawaida ni kusomea afya ya mifugo katika chuo kinachotambuliwa na KVB. Miongoni mwa vyuo vya serikali vinavyojulikana ni AHITI Kabete, AHITI Ndomba na AHITI Nyahururu. Mhitimu wa cheti anaweza kuendelea hadi stashahada, na wa stashahada hadi shahada. Kwa hivyo, aliyeanza chini hajafungiwa mlango.

Alama za KCSE zinazohitajika hutofautiana kati ya chuo na chuo na kati ya kozi na kozi. Vyuo huangalia pia masomo ya sayansi, hasa Biolojia. Uliza chuo chenyewe kabla ya kulipa ada yoyote. Wanafunzi wa vyuo vya kiufundi vya umma wanaweza pia kuomba mkopo wa HELB.

Je, uzoefu unahesabiwa?

Uzoefu peke yake hautoshi kukupa leseni. Lakini haupotei bure.

Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Elimu, KNQA, inasimamia mpango wa kutambua ujuzi ambao mtu aliupata nje ya darasa. Mwombaji hukusanya ushahidi wa kazi yake: barua za waliomwajiri, picha, kumbukumbu za kazi na vyeti vya mafunzo mafupi. Kisha hupimwa kwa maswali na kwa vitendo katika kituo kilichoidhinishwa. Akionekana ana pengo, huelekezwa kulijaza.

Cheti kinachopatikana kwa njia hii si leseni ya kutibu. Kabla ya kulipia upimaji, uliza KVB mambo mawili: kama kituo hicho kimeidhinishwa kupima afya ya mifugo, na kama cheti chake kitakubaliwa kwa usajili. Omba jibu kwa maandishi. Waliosomea nje ya Kenya pia waanze na KNQA na KVB, ili vyeti vyao vilinganishwe na vya hapa nchini.

Mafunzo ya siku chache au wiki chache, hata yakiwa na cheti kizuri ukutani, hayamfanyi mtu kuwa mhudumu aliyesajiliwa.

Kwa nini sheria ni kali?

Dawa ya viuavijasumu ikitolewa kwa kipimo kidogo, vijidudu huizoea na haifanyi kazi tena. Maziwa yakiuzwa kabla ya muda ulioandikwa kwenye chupa ya dawa kwisha, mabaki humfikia mtoto anayeyanywa. Na ng'ombe mwenye ndigana akitibiwa kama ana homa ya kawaida, hufa. Kwa familia yenye ng'ombe mmoja, hiyo ni karo ya shule iliyokwenda.

Unaweza kufanya nini kwa sasa?

Huku ukitafuta cheti, ujuzi wako bado una kazi. Unaweza kunyunyizia mifugo dawa ya kupe kwa kufuata maagizo, kutambua ng'ombe aliye tayari kupandishwa, na kutoa taarifa mapema kwa afisa wa mifugo wa wadi. Mnyama akifa ghafla huku akitokwa na damu puani, usimpasue wala usile nyama yake: huenda ni kimeta, ugonjwa unaoua hata binadamu.

Unaweza pia kumwomba mhudumu aliyesajiliwa ufanye kazi ukiwa msaidizi wake. Weka kumbukumbu ya kila siku, kwa sababu ndiyo itakayokuwa ushahidi wako siku ya kupimwa.

Kwa wafugaji: kabla mtu hajamgusa mnyama wako kwa sindano au kumpandisha kwa mrija, mwombe leseni ya mwaka huu. Mhudumu halali hatakasirika kuulizwa.

Kwa maelezo zaidi, tembelea ofisi ya mifugo ya wadi au kaunti ndogo yako. Beba kitambulisho, cheti cha KCSE ikiwa unacho, na ushahidi wowote wa kazi ulizofanya.