Misaada ya Kibinadamu na Serikali: Upande wa Nne Uliosahauliwa Katumba na Mishamo (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliona kuwa maazimio ya kimataifa hayana utata juu ya nani mwenye dhamana pale maafa yanapotokea. Azimio namba 46/182 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, lililopitishwa Desemba 1991, linatamka kuwa nchi iliyokumbwa ndiyo yenye jukumu la kwanza la kuanzisha, kupanga na kuratibu misaada ndani ya mipaka yake. Mashirika huja kusaidia, hayaji kutawala. Hata hivyo azimio hilo linaposema "nchi" halituelezi ni serikali ipi hasa. Je, ni wizara inayotia saini mkataba makao makuu, au ni halmashauri ya wilaya itakayobaki na kisima, zahanati na shule siku magari ya shirika yatakapoondoka? Hoja yangu wiki hii ni kwamba uratibu unaoishia wizarani ni nusu ya uratibu, na gharama ya ile nusu iliyokosekana hulipwa na wananchi kwa miaka mingi. Ushahidi hatuna haja ya kuufuata mbali. Upo Katumba na Mishamo, humu humu Katavi.

Mwaka 1972 mauaji makubwa nchini Burundi yaliwasukuma Wahutu kwa maelfu kuvuka mpaka kuingia Tanzania. Serikali ilitenga maeneo ya pori kwa ajili yao: Ulyankulu mkoani Tabora, kisha Katumba karibu na mji wa Mpanda mwaka 1973, na baadaye Mishamo, zaidi ya kilomita 100 kutoka Mpanda, mwaka 1978. Wakati huo eneo letu lilikuwa bado sehemu ya Mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012. Kazi ya kuyajenga makazi hayo iliendeshwa kwa mkataba wa pande tatu. Serikali, kupitia Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, ilitoa ardhi na utawala, na kila makazi yakawa chini ya mkuu wake aliyeteuliwa na wizara. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilitafuta fedha. Upande wa tatu ulikuwa Tanganyika Christian Refugee Service, TCRS, chombo cha Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani kilichoanza kazi nchini mwaka 1964, ambacho ndicho kilichofyeka, kikachonga barabara, kikachimba visima, kikajenga shule na zahanati na kugawa mbegu.

Kwa kipimo cha siku zile, mpango huo ulikuwa wa kupigiwa mfano. Mwaka 1984 mtaalamu Charles Gasarasi aliandika utafiti mahsusi juu ya utaratibu huu wa pande tatu, na wasomi wengi wa masuala ya wakimbizi wameurudia tangu hapo. Watu waliofika mikono mitupu walipewa mashamba, na baada ya misimu michache wakajilisha bila mgao. Mishamo ilipangwa vijiji 16 katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,000, kila kaya na shamba lake. Mafanikio hayo hayakuja kwa bahati. Yalitokana na mgawanyo wa kazi ulioeleweka: anayetoa ardhi alijulikana, anayetafuta fedha alijulikana, na anayeshika jembe alijulikana. Hata makosa yaliweza kusahihishwa kwa pamoja. Ilipobainika kuwa maji na ardhi ya Ulyankulu havikutosha kwa watu waliowekwa pale, pande zote tatu zilikubaliana kufungua Mishamo na kuwahamishia huko maelfu ya familia.

Lakini mwaka uleule wa 1972 ambao wakimbizi walianza kumiminika, serikali ilianza mpango wa Madaraka Mikoani, na halmashauri za wilaya zikavunjwa. Kwa miaka kumi na zaidi hapakuwa na chombo cha wananchi wilayani chenye bajeti yake na madiwani wake. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 ndiyo iliyozirudisha, na kwa vitendo zilianza upya mwaka 1984. Sasa ziweke tarehe hizo kando ya tarehe za makabidhiano. Katumba na Ulyankulu zilikabidhiwa kwa serikali kufikia mwaka 1980, wakati halmashauri hazipo kabisa. Mishamo ilikabidhiwa mwaka 1985, wakati halmashauri ina umri wa mwaka mmoja, katikati ya msukosuko wa uchumi uliofuata vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta. Makazi yenye maelfu ya watu, barabara, shule na mitambo ya maji yalirithiwa na ngazi ya serikali ambayo ama haikuwapo ama haikuwa na senti. Mkataba ulikuwa na pande tatu, ilhali mrithi alikuwa upande wa nne ambao haukuwahi kuitwa mezani.

Tazama pampu moja ya mkono juu ya kisima. Siku ya makabidhiano inatoa maji safi, na katika orodha inaandikwa kuwa mali ya serikali. Ndani yake kuna mipira midogo inayosuguana na bomba kila mpini unapopandishwa na kushushwa, na mipira hiyo huisha. Shirika lilikuwa na stoo ya vipuri, gari la kumfikisha fundi kijijini na fundi anayelipwa mshahara. Baada ya makabidhiano vyote vitatu vinahitaji kifungu katika bajeti ya mtu fulani. Kama hakuna aliyeandika kifungu hicho, mpira wa bei ndogo unaikwamisha pampu ya gharama kubwa, na akina mama wanarudi mtoni. Yaliyoipata pampu yaliipata barabara iliyohitaji greda kila baada ya masika, na yaliipata zahanati iliyohitaji mganga mwenye nafasi katika ikama ya watumishi. Katika makazi haya matengenezo yalirudi nyuma baada ya wahisani kuondoka, na haikuwa kwa sababu wakimbizi walikuwa wavivu au viongozi wa wilaya walikuwa wazembe. Hakuna aliyekuwa amekubaliana na yeyote kuwa nani atanunua mpira.

Mtu anaweza kudhani hayo ni mambo ya zamani yaliyokwisha. Hayakwisha, kwa sababu kosa lilelile lilijirudia baada ya robo karne. Mwaka 2007 serikali za Tanzania na Burundi pamoja na UNHCR zilikubaliana juu ya suluhisho la kudumu kwa wakimbizi wa mwaka 1972, ambao katika makazi yote matatu walikadiriwa kuwa 218,000. Kila mmoja aliulizwa kama anataka kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Takribani wanne katika kila watano walichagua uraia, na mwaka 2010 watu wapatao 162,000 walikubaliwa. Ulikuwa uamuzi wa kihistoria, na nchi yetu inastahili heshima kwa huo, maana ni nchi chache duniani zilizowahi kuwapa uraia wakimbizi wengi hivyo kwa mara moja. Lakini uliambatana na sharti: makazi yafungwe, na raia wapya wahamie mikoa mingine kabla ya kukabidhiwa vyeti vyao. Fedha za kuwahamisha hazikutosha, na wilaya zilizotarajiwa kuwapokea hazikuwa zimeandaa ardhi, madarasa wala madawati. Kwa miaka minne watu waliishi Katumba na Mishamo wakiwa raia bila cheti, kwenye ardhi waliyoambiwa wataiacha. Mkulima aliyeambiwa atahama hapandi miembe, na hakuna ofisi inayoezeka upya darasa la kijiji kinachotarajiwa kufutwa. Oktoba 2014, chini ya Rais Kikwete, vyeti vilianza kutolewa na wazo la kuhamisha watu likaachwa. Mkataba wa 2007 nao ulikuwa wa pande tatu, serikali mbili na shirika moja la kimataifa, na kwa mara nyingine halmashauri za kutoa watu na halmashauri za kupokea watu ziliarifiwa mambo yakiwa yameshaamuliwa.

Wapo watakaopinga hoja hii, na pingamizi la kwanza ni zito. Watasema dharura haisubiri kikao cha Baraza la Madiwani, na kwamba halmashauri nyingi hazina wataalamu, na fedha zikipitia huko zitapotea njiani. Kuhusu haraka, ushahidi wa ukanda wetu unaonyesha kinyume. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa takribani saa 24. Miezi mitatu baadaye wengine wengi zaidi waliingia Goma, Zaire. Huko Ngara, serikali na UNHCR walikubaliana kuweka mpaka wa idadi ya mashirika na kuligawia kila moja kazi yake. Goma, ambako dola ilikuwa dhaifu, mashirika yalifurika, mengine yakipandisha bendera kabla ya kujua jirani yake anafanya nini, na kipindupindu kiliua makumi ya maelfu. Ni kweli kwamba Goma ilikuwa na matatizo yake, hasa ardhi ya mawe ya volkano isiyochimbika choo na wingi wa watu usio na mfano. Haki inatutaka tulikubali hilo. Lakini tathmini ya pamoja ya kimataifa iliyochapishwa mwaka 1996 iliona wazi tofauti ya uratibu kati ya sehemu hizo mbili. Mamlaka ya eneo ikiwa imara tangu siku ya kwanza, kazi inakwenda haraka zaidi. Na kuhusu udhaifu wa halmashauri, haukubaliki kuwa sababu ya kuipita pembeni, kwa kuwa chombo kinachopitwa pembeni miaka yote hakijifunzi kusimamia mradi wala kukaguliwa, na siku ya makabidhiano ni hicho hicho kitakachopewa funguo.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine, na mimi naliona gumu zaidi. Linasema serikali nazo hutumia neno uratibu kama kifuniko cha udhibiti, na kwamba shirika la kibinadamu likishikamana mno na mamlaka litashindwa kumtetea mtu anayeonewa. Historia ya makazi inalipa nguvu pingamizi hili. Chini ya sheria ya wakimbizi ya mwaka 1965 mtu hakuweza kutoka Mishamo bila kibali, na mashirika yaliyojenga visima hayakuwa na sauti juu ya kibali hicho. Siku za karibuni pia, Januari 2017, serikali ilisitisha utaratibu wa kuwatambua Warundi kwa makundi, na mwaka 2018 ikajitoa katika mpango mpana wa Umoja wa Mataifa wa kushughulikia wakimbizi, ikitaja usalama na uchache wa fedha za wahisani. Ninakubali kwamba shirika lazima libaki na haki ya kusema hapana. Lakini maamuzi hayo yote yalifanyika ngazi ya taifa. Kuiingiza halmashauri mezani hakuongezi mkono wa udhibiti. Kunaleta watu wanaowajua wanavijiji kwa sura, ambao ushuru wa tumbaku na mahindi yao unategemea mkulima wa Katumba kukaa kwa amani na kulima. Diwani wa kata yenye raia wapya ana sababu ya kuwatetea ambayo ofisa wa wizara hana: anazihitaji kura zao.

Uratibu kamili, basi, unaonekana kwenye makaratasi ya kawaida kabisa. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai Mosi, wakati UNHCR na mashirika mengi hupanga kwa mwaka wa Januari hadi Desemba. Mradi usiofikishwa kwa ofisa mipango wa wilaya kabla bajeti haijafungwa, hautakuwa na mlezi kwa miezi mingi hata kama utepe umekatwa na mgeni rasmi. Tena siku hizi mrithi si halmashauri peke yake. Barabara za vijijini ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017, na maji vijijini yako chini ya RUWASA tangu mwaka 2019. Shirika linalochimba kisima Mishamo leo bila kukaa na RUWASA kuhusu aina ya pampu, upatikanaji wa vipuri na chombo cha watumia maji kitakachokusanya fedha, linarudia mwaka 1985 likiwa na simu ya kisasa mkononi.

Kwa hiyo ombi langu kwa madiwani wa Halmashauri ya Nsimbo, ilipo Katumba, na wa Wilaya ya Tanganyika, ilipo Mishamo, ni dogo na linatekelezeka. Kabla ya kupitisha mradi wowote wa mhisani katika kata zenu, daini mkataba wenye saini ya mkurugenzi, na ndani yake uwe na ukurasa unaotaja jina la taasisi itakayolipia matengenezo na kifungu cha bajeti kitakachotoa fedha. Mradi usio na ukurasa huo urudishwe.

Wiki ijayo: fedha za misaada zinavyofika wilayani, na zinakoishia kabla ya kufika.